Birika, Mtambo au Sufuria? Uhakiki wa Istilahi za Chombo cha Kupikia Pombe

Kijitabu tunachokusudia kukihakiki hapa kina kurasa chache tu, nacho hakina jina la mfasiri wala la mpiga chapa. Tulikipata Tunduma, katika duka la mafundi wa mabomba, kikiwa kimechakaa kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Kinaeleza jinsi ya kuchagua chombo cha kupikia bia nyumbani, na jinsi ya kukiwekea koki, kichujio na vipimo. Ni dhahiri kwamba asili yake ni ya Kiingereza, na kwamba kiliandikiwa watu wa nchi za baridi ambao hupika bia ya shayiri kwa kujiburudisha. Aliyekifasiri alikuwa na nia njema, maana alitambua kuwa katika Mkoa wa Songwe wako wananchi wengi, na hasa kina mama, ambao riziki yao imo katika kupika kimpumu ya ulezi na komoni ya mahindi, na kwamba maarifa ya chombo bora yangewafaa. Hatukichukui kijitabu hiki ili kumcheka. Tumekichukua kwa sababu makosa yake ya istilahi si ya maneno matupu: yanaweza kumpeleka mtu mahakamani, na yanaweza kumdhuru mwili.

Tuanze na kosa lililo jepesi. Katika jalada na katika ukurasa wa kwanza chombo chenyewe kimeitwa “birika la bia”. Mfasiri amekutana na neno la Kiingereza ambalo kwalo huitwa pia chombo cha kuchemshia maji ya chai, akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoiona. Lakini birika kwa Mswahili ni chombo chenye mdomo wa kumiminia na mkono wa kushikia, ambacho mtu mmoja hukiinua kwa mkono mmoja. Msomaji wa Vwawa au wa Mlowo akiambiwa atafute birika la lita 40 atacheka kwanza, kisha atadhani amedanganywa. Kosa la namna hii ni la kawaida kwa wafasiri wanaokwenda neno kwa neno, wala lisingetushughulisha sana kama mfasiri angalishikamana nalo mpaka mwisho. Alipofika ukurasa wa tatu, labda kwa kuona mwenyewe kwamba birika haliingii akilini, akaliacha akaanza kutumia “mtambo wa pombe”, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Neno mtambo ni neno zuri. Tunasema mtambo wa umeme, mitambo ya kiwanda, mitambo ya redio. Lakini neno huishi pamoja na majirani zake, na kwa miaka mingi jirani wa mtambo, pombe inapotajwa, amekuwa gongo. Magazeti na taarifa za polisi zimezoea kusema kwamba fulani amekamatwa na lita kadha za gongo pamoja na mtambo wa kuipikia. Msomaji akisikia “mtambo wa pombe” haoni sufuria: huona chombo kilichofunikwa na kuzibwa kwa udongo, chenye bomba linalopita katika maji baridi na kutona matone kwenye chupa. Sheria za nchi yetu zimetofautisha mambo haya mawili tangu zamani. Ukenekaji wa moshi, ambao ndio gongo, ulitungiwa sheria yake mwaka 1966. Uuzaji wa vileo kwa jumla, pamoja na pombe za kienyeji na leseni zake, uliwekwa katika Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Mama mwenye leseni ya kilabu, apikaye kimpumu katika sufuria iliyo wazi juu ya mafiga, hakeneki kitu. Je, kama akiwa na kijitabu nyumbani kwake kinachosema kwamba chombo chake ni mtambo, na kwamba mtambo huo umetobolewa na kutiwa bomba, atajitetea vipi mbele ya mgambo asiyekuwa na muda wa kusoma kurasa zinazofuata? Tunaona kwamba katika fani hii neno mtambo liachiwe ukenekaji peke yake, na hata huko litumike kwa uangalifu.

Basi chombo hiki kiitweje? Tuliposhauriana, wako wenzetu waliopendekeza “jungu”. Pendekezo hilo lina mvuto, maana neno ni letu wenyewe, linataja ukubwa, na kila mtu anaijua methali isemayo kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Mpika pombe anaijua methali hiyo kwa namna ambayo mtu wa mjini haijui: uji wa ulezi na kimea ni mzito, hushika chini upesi, na ukoko ulioungua huitia pombe yote ladha ya moshi, hata mwiko usipumzike saa nzima. Pamoja na hayo hatukulikubali. Jungu ni chungu kikubwa, na chungu ni cha udongo. Vyungu vya udongo bado vipo na bado vina kazi yao katika pombe, kama tutakavyoona. Tukiuchukua ukubwa wake tukampa chombo cha madini, kile cha udongo tutakiitaje? Tumeona tusimame kwenye neno ambalo watu wa Tunduma wenyewe walilitumia tulipowauliza, nalo ni sufuria: sufuria ya pombe, au kwa urefu sufuria ya kupikia pombe.

Neno sufuria linastahili kusimuliwa kidogo. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake huko hutaja shaba. Maana yake ya kwanza, basi, ilikuwa chombo cha shaba, na ni baadaye tu ndipo lilipopanuka kuchukua chombo chochote cha madini cha kupikia. Leo mtoto akitumwa dukani kununua sufuria atarudi na ya alumini bila ya kuuliza. Kupanuka huku ni jambo jema katika maisha ya kila siku, lakini katika istilahi hakutoshi, kwa sababu shaba, alumini, chuma na bati haviishi kwa amani sawasawa na pombe. Kimpumu na komoni ni pombe chachu; ukali ule mdogo unaousikia ulimini ni tindikali, na tindikali hula madini. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maandishi ya ufundi neno sufuria lisitembee peke yake, bali lifuatwe daima na jina la madini yake.

Hapa mfasiri ametuletea tatizo jingine. Madini ambayo kijitabu kinayasifu kuliko yote ameyaita “chuma cha pua”. Kwa kamusi hakukosea sana, maana chuma cha pua, kama lilivyo neno la zamani feleji, ni chuma kigumu kilichosafishwa. Lakini chuma cha pua cha kawaida hushika kutu! Kinachotakiwa hapa ni kile kisichoshika kutu, ambacho mafundi wa Tunduma hukiita stenlesi. Fundi akiletewa kijitabu kisemacho chuma cha pua, akampa mteja chombo cha chuma cheusi, fundi hana kosa. Tunapendekeza “chuma kisichoshika kutu” katika maandishi rasmi, na stenlesi likubaliwe bila ya aibu katika mazungumzo na hata katika vitabu vya mafundi. Sisi hatuna ugomvi na neno la mkopo lililokwisha kujenga nyumba.

Kwa upande wa alumini kijitabu kinasema kweli, ijapokuwa kwa ufupi mno: sufuria ya alumini yafaa kupikia, na bei yake ni nafuu, ila utando wake wa kijivu usisuguliwe mpaka ukatakata, kwa kuwa utando huo ndio kinga. Yeyote aliyewahi kuona jinsi kina mama wanavyosugua masufuria kwa majivu na mchanga hadi yang'ae kama kioo atajua kuwa shauri hilo lingehitaji ukurasa mzima, wala si mstari mmoja.

Sasa tufike kwenye pipa, ambalo ndilo jambo lililotufanya tuandike. Kijitabu kinasema kwamba mtu asiyeweza kununua sufuria kubwa “atumie pipa lolote lililooshwa vizuri”. Neno hili pipa tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa kasiki la mbao la kuwekea mvinyo. Mbao zilikwisha, neno likabaki, likahamia kwenye dramu la chuma la galoni 44, yaani lita 200 hivi, lililokuja na mafuta ya magari na ya taa. Siku hizi limehamia tena kwenye pipa la plastiki la buluu. Kwa hiyo mtu akisema pipa hajasema limeumbwa kwa kitu gani, wala hajasema lilichukua nini kabla ya kufika mikononi mwake. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo dogo. Tunduma si mahali pengine. Mji huu umekaa juu ya barabara kuu iendayo Zambia, ukitazamana na Nakonde. Hupitiwa na reli ya TAZARA, na tangu mwaka 2019 una kituo cha pamoja cha forodha. Shehena za migodi ya Zambia na ya Kongo hupita hapo usiku na mchana, na miongoni mwake zimo kemikali za kila namna. Wilaya ya Mbozi nayo ni nchi ya kahawa, na kahawa hunyunyiziwa dawa. Mapipa matupu hayakosekani. Pipa lililochukua dawa ya wadudu halitakati kwa sabuni, wala kwa maji ya moto, wala kwa kuchomwa moto ndani. Na agizo la “kuosha vizuri” ni agizo la hatari hata likiandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Na je, pipa la chuma lililo safi kabisa? Watu wengi hudhani kwamba hilo halina neno. Kusini mwa Afrika madaktari waliliona jambo hili mapema: tangu mwaka 1929 uliandikwa uchunguzi juu ya watu ambao maini yao yalijaa chuma kupita kiasi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa na kuchachishwa katika mapipa ya chuma. Tindikali ya pombe ilikuwa ikikila chuma kidogo kidogo, na pombe ikakutwa na miligramu 40 au zaidi za chuma katika lita moja, ambapo bia ya kiwandani kwa kawaida haifiki hata miligramu moja. Uchunguzi wa mwaka 1992 uliongeza kwamba huenda na urithi wa damu unachangia, kwa hiyo si kila mnywaji hudhurika kwa kiasi kimoja. Lakini chanzo cha chuma hicho ni chombo. Bibi wa watu hao alipika katika chungu cha udongo, mjukuu akapika katika pipa, na pombe iliitwa jina lile lile.

Pipa lililopakwa zinki, yaani lile la bati, lina ubaya wa upesi zaidi. Zinki huyeyuka katika kinywaji chachu, na mnywaji hutapika siku ile ile. Mafundi wetu hulehemu mapipa yanayovuja, na lehemu nyingi zina risasi ndani yake. Basi hapo tumeongeza sumu nyingine ambayo haitapishi wala haiumi, bali hukaa mwilini.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunavitwika vyombo lawama zote. Mwezi wa Januari mwaka 2015 watu 75 walikufa huko Chitima, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, baada ya kunywa pombe msibani. Nao huko huiita “phombe”, neno ndugu kabisa na letu. Watu walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa sumu iliyozaliwa na bakteria katika unga wa mahindi. Hapo sufuria bora kuliko zote isingaliwaokoa.

Kutokana na hayo tunashauri kwamba istilahi zitenge mambo mawili ambayo kijitabu kimeyachanganya. Sufuria iwe chombo cha moto, na pipa liwe chombo cha kuchachishia, kisichokaribia moto. Na pipa nalo lisiandikwe peke yake: liwe “pipa la chakula” kama lilitengenezwa kwa ajili hiyo, au lisitajwe kabisa.

Katika sehemu za chombo kijitabu kina vituko kadha, nasi tutataja vitatu. Sahani yenye matundu madogo, inayokaa chini ndani ya sufuria ili kuzuia machicha ya kimea, imeitwa “kitako cha uwongo”. Hatujui msomaji atafikiri nini. Sisi tulidhani kwanza kwamba anaonywa juu ya sufuria za bandia zilizo na kitako chembamba. Kiswahili kina neno kung'uto, na kila apikaye pombe analijua kung'uto la ukindu. Basi sahani hiyo ni “kung'uto la chini”. Bomba la kioo linalosimama ubavuni mwa sufuria kuonyesha kina cha pombe limeitwa “kioo cha kuonea”, ambalo kwa wengi ni kioo cha kujitazamia. Hapa tumependekeza “mrija wa kipimo”. Mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba neno mrija, tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, limebeba maana ya unyonyaji. Lakini huko Momba na Mbozi mrija ulikuwapo kabla ya siasa hiyo: kimpumu hutiwa maji ya moto na kufyonzwa kwa mirija, na ng'ambo ya mpaka ndugu zao hufanya vivyo hivyo na chipumu yao. Neno limrudie mwenyewe.

Kituko cha tatu ndicho kilicholeta hasara ya fedha. Kijitabu kinaagiza koki ya aina fulani, ambayo ndani yake mna tufe dogo la madini lenye tundu, linalozungushwa kwa mkono kufungua na kufunga. Mfasiri ameiita “vali ya mpira”. Alifikiria mpira unaochezwa uwanjani kwa sababu ya umbo lake. Msomaji amefikiria mpira wa mti. Fundi mmoja alitueleza kwamba aliletewa ukurasa huo na mteja, akahangaika kutafuta koki ya mpira, na alipokosa akaunga bomba la mpira mwenyewe. Pombe ilipochemka mpira ukalainika, na sufuria nzima ikanuka kama gurudumu lililoungua. Mama yule alimwaga debe mbili chini. Tunapendekeza “koki ya gololi”, kwa kuwa gololi kila mtoto anaijua na haina maana ya pili. Mafundi kwa sasa husema boli valvu, na hatutarajii kwamba wataacha kesho.

Maelezo ya kazi yenyewe, tukiyavua istilahi zake mbovu, ni ya kufaa. Sufuria itobolewe kwa keekee, na kingo za tundu zilainishwe kwa tupa ili zisikate washa. Washa iwe ya kuvumilia joto. Koki ikae juu ya kitako kwa vidole viwili hivi, ili mashapo yabaki chini pombe inapofunguliwa. Anayetaka kupata debe moja la pombe asinunue sufuria ya debe moja, bali ya lita 30 au 40, kwa kuwa povu hupanda na mvuke huondoka. Jambo moja tu tungeliongeza kwa ajili ya Songwe: maelezo haya yaliandikiwa bia ya shayiri ambayo huchujwa ikawa nyepesi kabla ya kuchemshwa. Uji wa ulezi utaliziba kung'uto la chini mara moja, na koki ya nusu inchi haitaupitisha. Anayepika kimpumu hana haja na kung'uto hilo. Anahitaji kitako kinene na mwiko mrefu. Mfasiri angalikuwa mpika pombe angaliliona hilo. Angaliona pia kwamba hakuhitaji kukopa neno “woti” kwa maji matamu ya kimea kabla hayajachacha, hali togwa ipo. Tunakubali kwamba togwa yetu haichujwi, na kwa hiyo “togwa iliyochujwa” litakuwa sahihi zaidi kwa wapikao bia.

Kuhusu chungu, kijitabu hakisemi kitu, na huo ni upungufu mkubwa kwa mahali hapa. Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na wanawake wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa na kuuzwa katika gulio la Matema, vimejulikana tangu zamani katika nyanda hizi. Chungu cha udongo hakiyeyuki katika tindikali ya pombe. Vinyweleo vyake hupitisha maji kidogo kidogo na kupoza kilichomo, na ndani ya vinyweleo hivyo chachu ya pombe ya jana hujificha ikaianzisha ya leo. Kwa kuchachishia, chungu hakijapitwa na pipa la chuma. Ila ni kizito, huvunjika, na hakijai debe kumi. Tungependa istilahi “chungu cha kuchachishia” iingie katika orodha kwa heshima sawa na pipa la chakula.

Neno moja tumeshindwa kulitolea uamuzi. Kijitabu kinaeleza bomba jembamba la shaba lililojizungusha, ambalo hutumbukizwa ndani ya sufuria na kupitishiwa maji baridi ili togwa ipoe upesi. Mfasiri ameliita “bomba la kupozea”, na kwa Kiswahili si vibaya. Lakini bomba la kupozea ndilo hilo hilo la gongo, kwa umbo na kwa jina. Tofauti ni kwamba katika gongo mvuke hupita ndani na maji huwa nje, na katika bia maji hupita ndani na togwa huwa nje. Twawaomba wasomaji wetu wa Tunduma, Mlowo, Vwawa na Itumba, ambao wamewahi kuliona likitumika katika bia, watuandikie wao huliitaje.